Modeli za ubora wa programu: tuzipange vipi, na chama cha msingi cha korosho kichague ipi?

Fundi wa Mikindani (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naileta mada hii kwa sababu vyama vya msingi vya ushirika huku kwetu Mtwara na Lindi vinaendelea kutafuta programu za kupokelea korosho, kutoa stakabadhi na kuandaa orodha za malipo ya wakulima, na katika baadhi ya vikao ambavyo nimealikwa kushauri nimekuta kamati imeshikilia jedwali la vigezo vya ubora ambalo hakuna hata mjumbe mmoja anayeweza kueleza limetoka wapi na linapima nini. Cheti cha kampuni, kasi ya programu, mwonekano wa skrini, ulinzi wa taarifa na bei vyote vimepangwa katika safu moja, kisha kila kimoja kinapewa alama na jumla inatafutwa. Msimamo wangu ni kwamba swali la modeli ipi ya ubora, yaani mpango upi wa kueleza au kupima ubora wa programu, ni bora kuliko nyingine haliwezi kujibiwa kabla ya kujua modeli yenyewe inatazama kitu gani na inatakiwa kufanya kazi gani. Mambo hayo mawili yakishajulikana, modeli nyingi zinaondoka mezani zenyewe.

Nianze na chimbuko, maana majina mengi yanayotajwa vikaoni yanatoka huko. Mwaka 1977 Jim McCall na wenzake wa General Electric waliandaa modeli kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani, wakapanga sifa 11 katika makundi matatu: programu inapokuwa kazini, inapofanyiwa marekebisho, na inapohamishiwa mazingira mapya. Barry Boehm na wenzake walichapisha ya kwao kati ya mwaka 1976 na 1978, nao walianza na maswali ya mnunuzi: je, programu hii inanifaa kama ilivyo, ni rahisi kiasi gani kuitunza, na nikibadilisha mazingira bado nitaweza kuitumia? Maswali hayo matatu bodi ya chama cha msingi inaweza kuyauliza leo bila kubadilisha hata neno. Kampuni ya Hewlett-Packard nayo ilikuwa na FURPS, iliyoelezwa na Robert Grady na mwenzake mwaka 1987, inayotazama utendaji wa kazi, urahisi wa kutumia, kutegemeka, kasi na urahisi wa kuhudumiwa. Haina nafasi ya programu kuhama kutoka mazingira fulani kwenda mengine, jambo ambalo wachambuzi wengi wameliona kuwa ni pengo. Mwaka 1995 Geoff Dromey wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, aligeuza mkondo: badala ya kuanza na sifa za juu na kushuka, alianza na vipande vya programu yenyewe na kuuliza kila kipande kinapaswa kuwa na tabia gani ili sifa za juu zipatikane.

Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ubora wa programu, ISO/IEC 9126, mwaka 1991, likaipitia upya mwaka 2001, kisha likaibadilisha kwa ISO/IEC 25010 mwaka 2011. Ile ya 9126 ilikuwa na sifa kuu 6. Ya mwaka 2011 ikawa na 8, kwa kuwa usalama wa taarifa, ambao awali ulikuwa umefichwa chini ya utendaji wa kazi, ulipandishwa kuwa sifa kuu, na kupatana na mifumo mingine nako kukapewa nafasi yake. Toleo la mwaka 2023 lina sifa 9, baada ya kuongezwa usalama wa watu na mali. Nasema haya kwa sababu bado naona nyaraka za zabuni zikinukuu 9126 kana kwamba haijaondolewa.

Sasa mgawanyo. Namna ya kwanza ya kuzipanga modeli ni kuangalia kitu kinachotazamwa. Zipo zinazotazama mwenendo wa watengenezaji, yaani wanavyopanga, wanavyokagua na wanavyorekebisha kazi yao. Zipo zinazoitazama programu yenyewe. Zipo zinazotazama matokeo anayoyapata mtumiaji akiwa katika mazingira yake halisi. Na zipo zinazotazama taarifa zilizomo ndani ya programu. Vitu hivi vinne vinahusiana, lakini kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Mtengenezaji mwenye mwenendo mzuri anaweza kutoa programu isiyokufaa, na programu nzuri ikijazwa taarifa mbovu itatoa orodha mbovu ya malipo kwa haraka na kwa mpangilio wa kupendeza.

Namna ya pili ni kuangalia kazi ya modeli. Florian Deissenboeck na wenzake, katika andiko la mwaka 2009, walizigawa katika zile zinazofafanua ubora, zile zinazoutathmini na zile zinazoutabiri. Mgawanyo huu ndio uliokosekana kwenye majedwali niliyoyaona. ISO/IEC 25010 inafafanua tu. Inakupa majina na maana, haikuambii ni alama ngapi zinatosha. Ili kutathmini unahitaji vipimo na viwango vya kukubali au kukataa. Za kutabiri ni jamii nyingine kabisa: modeli za ukuaji wa kutegemeka, kama ile ya Jelinski na Moranda ya mwaka 1972 au ya Goel na Okumoto ya mwaka 1979, huchukua kumbukumbu za hitilafu zilizokwisha kutokea na kukadiria zilizobaki. Chama ambacho hakina daftari la hitilafu, na mara nyingi mwuzaji naye hana, hakina cha kuiingizia modeli ya namna hiyo, hata kama hesabu zake ni nzuri namna gani.

Upo pia mgawanyo wa modeli za jumla na zile zilizokatwa kwa ajili ya eneo maalumu, kama programu huria (ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma ndani na kuzibadilisha) au mifumo ya tovuti. Huu ni mwepesi, sitauchambua.

Kwa chama cha msingi kinachonunua programu, basi, modeli inayohitajika ni ya kutathmini, inayotazama programu na matumizi yake, na inayoweza kuendeshwa na watu wasiouona msimbo, yaani maandishi ya ndani yanayounda programu. Hapo ndipo ninapopendekeza kuchukua majina na maana kutoka ISO/IEC 25010, kuchagua sifa chache ambazo kufeli kwake kungesimamisha malipo, na kuziundia majaribio yetu wenyewe.

Nitoe mfano wa kutegemeka, kwa sababu ndiyo sifa inayoumiza zaidi huku. Mwuzaji anaandika kwamba mfumo wake unapatikana kwa asilimia 99, na kamati inaridhika. Mwaka una saa 8,760, hivyo asilimia 1 ni saa 87.6, zaidi ya siku tatu na nusu. Saa hizo zikitawanyika mwezi Aprili, hakuna atakayelalamika. Zikiangukia wiki ambayo mnada umekwisha na wakulima wanasubiri fedha, bodi italala ofisini. Kipimo ni sahihi kihesabu, ila kimekosa msimu. Kwa hiyo sharti liandikwe kwa msimu: kuanzia magunia yanapoanza kupokelewa hadi malipo ya mwisho, mfumo usizime kwa zaidi ya muda fulani kwa mara moja, na ukizima urejee bila kupoteza stakabadhi iliyokwisha kutolewa. Tukumbuke pia kwamba muda wa kurejea unategemea na fundi yuko wapi. Mei 2024 mafuriko yaliyotokana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na mwezi huohuo, tarehe 12, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini. Mkataba unaosema fundi atafika ndani ya saa 24 au atarekebisha kwa njia ya mtandao ungekuwa umefeli kwa njia zote mbili ndani ya mwezi mmoja.

Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu. Chukua simu mbili za makarani, zima mtandao kwenye zote, ingiza stakabadhi 20 kwenye kila moja huku mizani ikiendelea kupima, zima simu moja katikati ya stakabadhi bila kuifunga programu kwanza, iwashe tena, kisha rudisha mtandao. Hesabu kilichofika makao ya chama. Zinatakiwa stakabadhi 40, kila moja na namba yake, na uzito uleule ulioandikwa kwenye nakala ya mkulima. Zikija 39, au namba mbili zikafanana, hujapima tu kutegemeka. Umepima pia kufaa kwa kazi, na mjadala wa rangi za skrini unaweza kuahirishwa.

Suala la mwisho ni jinsi ya kujumlisha alama, nalo nalitilia mkazo kuliko yote. Tuchukue mifumo miwili ya kubuni. Uzito wa vigezo uwe hivi: kufaa kwa kazi 30, kutegemeka 25, urahisi wa kutumia 20, usalama wa taarifa 15, urahisi wa matengenezo 10. Mfumo wa kwanza upate, kwa kumi, alama 9, 3, 9, 8 na 9. Wa pili upate 7, 8, 6, 7 na 7. Ukizidisha na kujumlisha, wa kwanza unapata 735 na wa pili 705. Mfumo uliopata 3 katika kutegemeka umeshinda, kwa sababu katika kujumlisha uzuri wa skrini unaruhusiwa kufidia stakabadhi zilizopotea. Sisi watu wa korosho tunalijua jambo hili tangu ghalani: korosho zikiwa mbichi, unyevu wake ukazidi, hazipokelewi hata kama sampuli ikikatwa itaonyesha kwamba gunia la kilo 80 litatoa ratili nyingi za kiini. Unyevu ni kizingiti. Wingi wa kiini ndio wa kushindanishia bei. Vivyo hivyo, kila chama kiamue kwanza vizingiti visivyofidiwa, na mfumo usiovivuka uondolewe kabla alama za wengine hazijajumlishwa.

Naomba michango, hasa ya wenye uzoefu wa Newala, Tandahimba na upande wa Lindi.

Karani wa Ruangwa

Mkuu, ahsante kwa mada. Nina swali linalotusumbua. Mwuzaji mmoja aliyetufuata alileta cheti kinachoonyesha kwamba kampuni yake imefikia ngazi ya tatu ya CMMI, na mwenyekiti wetu anaona kwamba kwa cheti hicho hakuna haja ya majaribio mengine. Wengine hawana cheti chochote. Je, si haki kumpa huyu alama zote za ubora? Nauliza kwa sababu bodi inaogopa kuonekana imempuuza mwenye sifa za kimataifa.

Mwalimu Shangani

Ndugu Karani, niruhusu nijibu kabla ya mleta uzi, kwa kuwa somo hili nalifundisha.

CMMI ni modeli inayotazama mwenendo wa watengenezaji. Ilizaliwa katika Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, iliyokuwa ikigharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Mtangulizi wake, CMM, alitoka mwaka 1991. Ngazi zake ni tano, na kinachopangwa katika ngazi hizo ni shirika au kitengo cha shirika, si programu. Ngazi ya tatu inasema kwamba kitengo kilichokaguliwa kina taratibu zilizoandikwa na zinazofuatwa katika miradi yake yote. Ni jambo la maana, kwani linapunguza uwezekano wa kazi kuendeshwa kwa kubahatisha. Hata hivyo halisemi lolote kuhusu stakabadhi 40 zilizotajwa hapo juu. Mwulizeni mwuzaji mambo mawili: ni kitengo gani kilichokaguliwa, na je, kitengo hicho ndicho kilichotengeneza programu anayowauzia? Kisha cheti hicho kipewe alama katika uthabiti wa mwuzaji, kwa uzito wake, na programu yake ifanyiwe jaribio lilelile wanalofanyiwa wengine.

Nikirudi kwa mleta uzi, nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, lakini nina hoja mbili za kupingana naye.

Ya kwanza: hukuzungumzia mitazamo. David Garvin, mwaka 1984, alionyesha kwamba watu wanapotaja ubora wanaweza kumaanisha vitu vitano tofauti: ule usioelezeka bali hutambulika ukionekana, ule wa kutimiza haja ya mtumiaji, ule wa kufuata vipimo vya utengenezaji, ule wa sifa za ndani ya bidhaa, na ule wa thamani kwa fedha iliyotolewa. Barbara Kitchenham na Shari Lawrence Pfleeger waliuleta mgawanyo huo kwenye programu mwaka 1996. Katika kamati ya chama, mkulima anazungumza kama mtumiaji, mhasibu anazungumza thamani, na kijana wa kompyuta anazungumza sifa za ndani; wakigombana kuhusu alama, mara nyingi hawagombani kuhusu programu ileile. Ningeuweka mgawanyo huu mbele ya yote uliyoyataja.

Ya pili ni nzito zaidi. Unashauri kila chama kikate modeli yake. Mwakani Masasi watakuwa na sifa tano, Nachingwea nne, Kilwa saba, na kila mmoja na vipimo vyake. Chama kikuu kitakapotaka kujua ni programu ipi imefanya vizuri katika vyama wanachama wake, hakutakuwa na cha kulinganisha. Viwango viliwekwa ili tuelewane. Tukivikatakata tunarudi tulikotoka.

Fundi wa Mikindani

Mwalimu, nashukuru. Hoja ya Garvin naipokea, ingawa mimi nisingeianza nayo mbele ya kamati. Ningeanza na kitu kinachotazamwa, kwa sababu hicho kinaonekana kwa macho, halafu mitazamo itajitokeza yenyewe wakati wa kugawa uzito.

Kuhusu kukata modeli, nadhani tutofautishe tabaka tatu. Majina ya sifa na maana zake yasiguswe: kutegemeka kubaki kutegemeka kama kilivyoelezwa katika kiwango, pamoja na sehemu zake za upatikanaji, kustahimili hitilafu na kurejea baada ya kuanguka. Vipimo vinaweza kukubaliwa kwa pamoja katika ngazi ya chama kikuu, na jaribio la simu mbili linafaa kuwa mojawapo. Kinachobaki kwa chama cha msingi ni uzito na vizingiti. Chama chenye mtandao wa uhakika hakina sababu ya kutoa uzito uleule kwa kazi ya bila mtandao kama chama ambacho makarani wake hupanda juu ya kichuguu ili wapate alama moja ya mawimbi. Kwa mpangilio huo chama kikuu kitalinganisha matokeo ya vipimo, si jumla za alama, na jumla za alama ndizo zisizolinganishika hata sasa.

Nakiri, lakini, kwamba sina jibu zuri kwa vyama vilivyokwisha kununua kwa jedwali la kubahatisha.

Mpwapwa wa Kilwa

Wakuu, mnazungusha sana. Si muende chama kinachotumia programu hiyo, mkaulize kama wanaipenda?

Fundi wa Mikindani

Ndugu yangu, hilo ni jema na lifanyike, na ndiyo hasa tathmini ya ubora katika matumizi. Toleo la mwaka 2011 la kiwango lilikuwa na sehemu maalumu kwa ajili yake, ambayo sasa imehamishiwa ISO/IEC 25019 ya mwaka 2023. Toleo hilo la mwaka 2011 lilitaja pia kuenea kwa mazingira: programu inayopendwa mahali fulani inaweza kushindwa pengine kwa sababu ya mtandao, idadi ya wakulima au utaratibu wa makato. Basi mkienda, msiishie kuuliza kama wanaipenda. Ombeni kuona stakabadhi ya siku yenye foleni ndefu kuliko zote, ifuatilieni mpaka kwenye orodha ya malipo ya benki, na mwulizeni karani alifanya nini siku mtandao ulipokatika. Akisema aliandika kwenye daftari na kuingiza usiku, mmeshapata jibu.

Binti Nachingwea

Habari za jioni kaka Fundi, Mwalimu na wengine. Mimi ni mtengenezaji wa programu, hivyo nitazungumza kutoka upande wa pili wa meza.

Mjadala umeiacha kidogo sifa ya urahisi wa matengenezo, kwa sababu mnunuzi haioni. Sisi tunaipima kwa vyombo vinavyosoma msimbo na kuhesabu mambo kama njia huru za kupita ndani ya kila sehemu, kipimo ambacho Thomas McCabe alikitoa mwaka 1976, pamoja na msimbo uliorudiwa na sehemu zisizo na majaribio. Mbinu ya SQALE hubadilisha kasoro hizo kuwa muda wa kuzirekebisha, yaani deni la kazi litakalolipwa baadaye, kwa maana aliyoianzisha Ward Cunningham mwaka 1992. Inasaidia sana ndani ya timu. Lakini naonya: nimewahi kuona programu yenye daraja A kwenye chombo cha ukaguzi huku ikikata makato ya chama mara mbili kwa mkulima aliyeleta korosho za daraja la kwanza na la pili siku moja. Chombo hakijui makato ni nini. Kilisoma msimbo nadhifu unaofanya kosa kwa unadhifu.

Upande mwingine, msiidharau sifa hii kwa kuwa haionekani. Utaratibu wa makato au wa mnada ukibadilika, mtatambua ubora wa ndani kwa idadi ya wiki mnazosubiri marekebisho. Mnunuzi anaweza kuipima bila kusoma msimbo: mpeni mwuzaji badiliko dogo wakati wa zabuni, kwa mfano kuongeza kato jipya linalohusu daraja la pili peke yake, na mwone linachukua muda gani na linaharibu nini kingine.

Kwa wanaofikiria programu huria, zipo modeli zake, kama QSOS ya mwaka 2004 na OpenBRR ya mwaka 2005, ambazo huongeza jambo lisilokuwepo kwenye viwango vya kawaida: uhai wa jumuiya inayoitunza programu. Siku hizi hazitajwi sana, lakini swali hilo la jumuiya lina uzito uleule.

Nina swali kwa mleta uzi kuhusu uzito wa vigezo. Ile 30, 25, 20 umeipata wapi? Kama imetoka kichwani, tofauti na majedwali uliyoyakosoa ni ipi?

Fundi wa Mikindani

Dada, umenibana mahali panapostahili. Katika mfano wangu uzito ni wa kubuni. Katika kazi halisi kuna njia ya Thomas Saaty ya kulinganisha vigezo viwiliviwili: kamati inaulizwa, kati ya kutegemeka na urahisi wa kutumia, kipi ni muhimu zaidi na kwa kiasi gani, kisha majibu yote yanageuzwa kuwa uzito, na hesabu yenyewe inaonyesha kama majibu yanapingana. Faida yake ni kwamba kila namba inaweza kufuatiliwa hadi kwenye jibu la watu fulani. Gharama yake ni uchovu. Sifa 9 zina jozi 36 za kulinganishwa, na kabla hazijafika katikati wajumbe wanaanza kujibu ili wakaswali au wakale. Sifa 5 zina jozi 10, kazi inayoisha kabla ya chai. Hiyo ni sababu nyingine ya kupunguza sifa mapema, na ya kuacha vizingiti nje ya hesabu ya uzito, kwani kitu kisichofidiwa hakihitaji kushindanishwa na kingine.

Kwa wasiotaka hesabu hizo, njia ya Victor Basili inatosha: andika lengo, toa maswali yanayoonyesha kama lengo limefikiwa, kisha tafuta kipimo cha kila swali. Kipimo kisicho na swali kinafutwa. Majedwali mengi niliyoyaona yangebaki na mistari michache sana.

Karani wa Ruangwa

Nashukuru Mwalimu, hoja ya kitengo kilichokaguliwa nitaifikisha kwa mwenyekiti. Nina jambo la mwisho. Tatizo letu kubwa msimu uliopita halikuwa programu kuzima. Malipo ya wakulima wengi yalirudi kutoka benki kwa sababu jina kwenye stakabadhi halikufanana na jina la akaunti: huku ameandikwa Hamisi, kule Khamis, au jina la baba limeachwa, au akaunti ni ya mtoto wake. Katika sifa 9 za kiwango sioni pa kuliweka jambo hili. Je, tuiadhibu programu?

Fundi wa Mikindani

Ndugu Karani, hapo ndipo kile kitu cha nne kinapoingia. Ubora wa taarifa una kiwango chake, ISO/IEC 25012 cha mwaka 2008, chenye sifa 15, na zinazokuhusu ni usahihi, ukamilifu, uwiano na kuwa taarifa ni za sasa. Sehemu kubwa ya tatizo haiko kwenye programu, iko kwenye daftari la wanachama; hata mkinunua programu nyingine, majina yaleyale yatahamia humo na malipo yatarudi vilevile. Safisheni daftari kabla ya msimu: kila mkulima aje na kitambulisho na kadi ya benki, jina liandikwe kama lilivyo kwenye akaunti, na akaunti ya mtu mwingine ikubaliwe kwa maandishi tu.

Programu iulizwe jambo moja: je, inamzuia karani kutoa stakabadhi kwa mkulima ambaye akaunti yake haijahakikiwa, au angalau inamwonya? Hiyo ni sifa ya programu, inaangukia kwenye kumkinga mtumiaji asikosee, na inaweza kujaribiwa kwa dakika chache mbele ya kamati kwa kuingiza Hamisi mmoja na Khamis mmoja. Na kwa kuwa mtakuwa mmekusanya vitambulisho, namba za simu na akaunti za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu moja kwa moja. Hapo usalama wa taarifa unatoka kwenye orodha ya vigezo vyenye uzito na kuingia kwenye vizingiti: mwuzaji asiyeweza kuonyesha ni nani anayeona akaunti za wakulima, na ni wapi nakala zake zinahifadhiwa, anaondolewa kabla ya kuhesabiwa alama.

Fomu ya majaribio ya stakabadhi 40 nimeiandika kwa ukurasa mmoja. Anayeihitaji aniandikie faragha, na akishaitumia alete matokeo humu, yakiwa na vipimo badala ya jumla.